Shangazi, riwaya zangu zote zinafia Masaki

BARUA

Shikamoo shangazi, kamwene huko Iringa. Mi ni mdada wa miaka 28 niko Makambako, nina kibanda cha wakala karibu na stendi, natoa na kuweka hela za mitandao yote, pembeni nauza vocha, maji na karanga. Nimeolewa, nina mtoto mmoja wa miaka minne na mama mkwe tunaishi naye. Shida yangu sio ya ndoa kama nyingi ninazosomaga hapa ila inaninyima raha, naomba usinicheke.

Mi nataka kuwa mwandishi wa riwaya. Tangu form two mwalimu wa Kiswahili aliposoma insha yangu mbele ya darasa hiki kitu hakijanitoka kichwani. Nina kaunta buku zimejaa, kila moja ina riwaya yake na hakuna hata moja imefika mwisho. Naanza vizuri sana yani, msichana yuko kijijini Lupembe au Wanging'ombe, baba ake mlevi wa ulanzi, shule kaacha, mama anaumwa, watu wakisoma hapo wananiambia we una kipaji. Alafu msichana anapanda basi kwenda Dar kufanya kazi za ndani kwa tajiri mmoja Masaki, na hapo sijui huwa inatokea nini, kalamu inaganda. Nalazimisha kurasa mbili tatu naona kabisa haina ladha, naiacha, siku zikipita naanza nyingine. Nikaona labda hadithi hazina shida, mwenye shida ni mimi, sina zile tabia za waandishi waliofanikiwa.

Basi nikaanza kufuatilia wanavyoishi. Kuna Mjapani anaamka saa kumi alfajiri anaandika masaa matano alafu anakimbia kilomita kumi, nikasema na mimi naamka saa kumi. Shangazi unaijua Makambako mwezi wa saba na ule upepo, nilikuwa nakaa jikoni na blanketi vidole havikunji, ikifika saa nne asubuhi nasinzia juu ya floti ya watu. Kuna Mmarekani yeye anasema maneno 2,000 kila siku, mi nikijitahidi sana ni kama 300. Mwingine anasema panga hadithi yote kwanza ndo uandike, mwingine anasema ukipanga umeiua. Nimechanganyikiwa kabisa.

Nikajaribu kuposti kwenye grupu la simulizi la WhatsApp maana kuna watu wanauza mwendelezo buku buku na hela wanaiona, nikaweka sehemu za mwanzo watu wakafurahi, wanaandika MWENDELEZO MWENDELEZO, na mi ndo nimeshafika Dar sina cha kuwaambia, nikajitoa kwenye grupu kimya kimya.

Sasa rafiki yangu ananishauri nilipie kozi ya mtandaoni laki na nusu, wanasema siku 30 unatoka na riwaya yako, na ninunue laptopu kwa sababu eti hakuna mwandishi wa maana anayeandika kwenye daftari. Mume wangu anasema hiyo hela bora iongezwe kwenye floti, na analalamika kila akirudi ananikuta na kaunta buku, mtoto ananiita siitiki. Muda wangu wa kutulia kwa kweli ni mchana tu, kuanzia kama saa nane, mabasi ya asubuhi yameshapita na ya kutoka Dar bado, kibandani kunakuwa kumepoa.

Naomba uniambie ni tabia gani nimekosa, na kozi nilipie au nisilipie? Na kama sina kipaji niambie tu ukweli nitavumilia.

Msomaji wako, Makambako.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, kamwene na wewe, na huo upepo wenu naujua, pole sana. Barua yako imebidi niisome tena maana jibu umeliandika mwenyewe katikati ukalipita kama hulioni. Nitalirudia, ngoja kwanza tumalize hayo mambo ya kuamka saa kumi.

Huyo Mjapani ni Haruki Murakami. Ni kweli anaamka saa kumi alfajiri, ila wanaokusimulia hiyo wanaacha kusema kwamba analala saa tatu usiku, hana mtoto, na anaishi kwa vitabu tu. Riwaya yake ya kwanza iliyotoka 1979 hakuiandika alfajiri hata kidogo. Wakati ule yeye na mkewe walikuwa na baa ya muziki wa jazi huko Tokyo, akishafunga baa usiku ndo anakaa kwenye meza ya jikoni anaandika mpaka usingizi umzidi. Hiyo saa kumi ilikuja baadaye, baa imeshauzwa na maisha yamebadilika. Sasa wewe mwenye kibanda, mtoto na mama mkwe unaichukua saa ya mtu asiye na vyote hivyo, ni kama umevaa kiatu cha mtu kisa umemwona anakimbia vizuri.

Wengine nao ukiwachunguza ni hivyo hivyo, ratiba zao zimetokana na shida zao. Anthony Trollope wa Uingereza alikuwa mfanyakazi wa posta, anakaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri mpaka saa mbili na nusu asubuhi, saa yake kaiweka mbele yake, maneno 250 kila robo saa, na kwa mwendo huo akaacha riwaya 47. Watu wanaishia hapo. Ila mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake kaeleza kuwa alikuwa na mzee mtumishi anamlipa pauni tano za ziada kwa mwaka amwamshe na kumletea kahawa, na akasema huenda anadaiwa mafanikio yake na huyo mzee kuliko mtu mwingine yeyote. Sasa wewe nani anakuletea kahawa Makambako mwezi wa saba?

Toni Morrison wa Marekani alikuwa mhariri kwenye kampuni ya vitabu, analea wanae wawili peke yake, akawa anaandika kabla hawajaamka kwa sababu wakishaamka ni mama, mama, mama. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1970 ana miaka 39, Nobel ikaja 1993. Shaaban Robert wetu alitumikia serikali ya mkoloni kama karani miaka mingi huku anaandika. Chinua Achebe wa Nigeria alikuwa mtu wa redio. Wote hao wakati wanaanza hakuna aliyekuwa na siku nzima tupu, kila mmoja katafuta kaupenyo kwenye siku yake kakakalia, basi. Na wewe kaupenyo kako umekataja mwenyewe, saa nane mchana. Mtoto yuko na bibi ake, mume hayupo anakusubiri, vidole vinakunjika. Alfajiri lala mwanangu.

Hayo maneno 2,000 ni ya Stephen King, huyo alikuwa ameshakuwa tajiri wa vitabu wakati anayasema, na anayeanza yeye mwenyewe kamshauri 1,000. Alipokuwa anaandika kile cha 1974 kilichomtoa alikuwa mwalimu wa sekondari, wanaishi na mkewe na watoto kwenye nyumba ya tela, anaandikia kwenye kachumba ka mashine ya kufulia. Tena ni maneno ya Kiingereza hayo, sisi kitenzi kimoja kinabeba mtu, wakati na anayetendwa, kwa hiyo 300 zako sio chache kama unavyozidharau. Chukua 300 mara siku tano, ni 1,500 kwa wiki. Ndani ya miezi sita na kidogo una maneno elfu arobaini, hiyo ni riwaya nyembamba ila ni riwaya. Na kuhusu kupanga au kutopanga, wapo wanaopanga wanamaliza na wapo wasiopanga wanamaliza, hapo usipoteze bando lako.

Haya, sasa tuje kwenye chenyewe. Umesema kila kaunta buku inaganda msichana akishapanda basi la Dar. Kila moja! Mtu ambaye shida yake ni uvivu au kukosa ratiba riwaya zake zinafia popote pale, moja ukurasa wa tatu, nyingine katikati, nyingine imebaki kidogo iishe. Za kwako zote zinafia Masaki. Mwanangu, Masaki umewahi kukaa lini? Lupembe unaijua, unajua mzee akishalewa ulanzi anatembeaje na mke wake anajificha wapi, ndo maana watu wanakusifia hapo. Ukivuka Kitonga unaanza kuandika ulichokiona kwenye tamthilia, geti kubwa, gari jeusi, mama mwenye nyumba mwenye roho mbaya, na msomaji naye ameiona tamthilia hiyo hiyo, kwa hiyo hana haja na wewe. Mkono wako unalijua hilo kabla ya kichwa chako ndo maana unagoma, na mi naona huo mkono uko sahihi.

Sijui nani aliwaambia vijana wetu kwamba riwaya lazima ifike Dar. Achebe alikuwa anafanya kazi redioni Lagos, jiji kubwa, na kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1958 kilichosomwa dunia nzima kimekaa kijijini kwa Waigbo. Kezilahabi kazaliwa Ukerewe, na riwaya yake ya kwanza ya 1971 inaanzia hapo hapo Ukerewe kwenye nyumba ya baba mkali mwenye mabinti, ikawagusa watu pabaya mpaka ikazuiwa mashuleni kwa muda. Abdulrazak Gurnah kaondoka Zanzibar kijana mdogo miaka ya 1960, kaishi Uingereza zaidi ya miaka hamsini, kafundisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka kustaafu, Nobel kapewa 2021, na bado vitabu vyake vinarudi huku kwetu pwani kila mara. Hao miji wameishi na wanaijua, ila kalamu zao wakaziacha ziende pale wanapojua harufu yake.

Na wewe umekaa wapi? Umekaa njia panda aisee! Ya Songea inachepukia hapo, Iringa na Dar huku, Mbeya na Tunduma kule, TAZARA nayo inapita, watu wa kusini wanabadilishia basi mlangoni kwako usiku na mchana. Tena haujakaa tu, umekaa kwenye dirisha la wakala, na wakala anajua mambo ambayo hata padri haambiwi. Nani anatuma kila mwisho wa mwezi na nani ameacha. Nani anakuja na simu ambayo sio yake na namba ya siri kaiandika kiganjani. Nani anasema "mtumie mdogo wangu huyo" alafu jina linalotokea sio la ukoo wao wala la kabila lao, na mke kasimama nyuma anachungulia. Nani katoa hela yote kwenye laini, kaacha shilingi mia mbili, kapanda basi la usiku hana hata begi. Hizo nimezitunga hapa hapa huku nanywa chai, wewe unayeziishi kila siku utakosaje cha kuandika? Riwaya yako ipo hapo dirishani na kila siku unaipita kwenda kuitafuta Masaki.

(Ila nakuonya hapa, usimwandike mteja wa kweli. Badilisha jina, kabila, kiasi cha hela, wachanganye watu watatu watoke mmoja. Mji mdogo huo na siri ya mteja ndo biashara yako.)

Kama lazima msichana wa Lupembe aende Dar, aende. Wewe usimfuate. Baki kibandani umwangalie kupitia kile kinachorudi. Mwezi wa kwanza elfu ishirini inaingia kwa mama yake. Mwezi wa pili hamsini. Alafu siku moja laki tatu kwa mkupuo, na mama anakuja kuitoa anatetemeka, anakuuliza wewe wakala, eti mwanangu kazi za ndani zinalipa hivi? Alafu miezi inapita kimya. Alafu hela inaingia kutoka namba ngeni, jina la mwanaume. Hapo hujaandika geti hata moja na msomaji halali, Masaki anaijaza mwenyewe kichwani na ataijaza vizuri kuliko mimi na wewe. Kuamua nani anasimulia na amesimama wapi wakati anaona, hiyo ndo kazi ya kwanza ya mwandishi wa riwaya, na huwezi kuijua kwa kuangalia mtu anaamka saa ngapi.

Sasa pale kibandani utakatizwa, mtu anataka vocha, mwingine anataka kutoa, ni kawaida. Kuna ujanja mmoja wa Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, unakufaa sana, yeye alikuwa anaacha kuandika wakati bado anajua kinachofuata, hasubiri mpaka aishiwe. Kwa hiyo ukiona saa tisa na nusu inakaribia na mabasi yanaanza, usikimbilie kumaliza tukio, andika kamstari kamoja chini ya ukurasa, "kesho mama anarudi na ile simu", funga, hudumia watu. Kesho yake hukai unaangalia ukurasa mweupe. Na ukianza siku usisome kuanzia mwanzo ukarekebisha, maana utarekebisha chapta ya kwanza mpaka Krismasi. Soma ya jana tu, endelea. Kurekebisha kupo na kuna wakati wake, huyo huyo Hemingway alisema ukurasa wa mwisho wa riwaya yake moja aliuandika upya mara 39, lakini alikuwa na ukurasa wa mwisho wa kuandika upya, wewe bado huna. Ukishamaliza ifungie kabatini wiki sita, King anashauri hivyo, usiiguse, uisome ukiwa umeshaisahau kidogo. Utaona aibu sehemu nyingine na sehemu nyingine utajishangaa.

Laptopu iache kwa sasa. Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya mwaka 1978 alikuwa amefungwa gereza la Kamiti, riwaya nzima ya Kikuyu akaiandika kwenye karatasi za chooni, sisemi na wewe uteseke hivyo ila kaunta buku yako sio ushamba. Kitu kimoja tu kuhusu daftari, kila Jumamosi zipige picha kurasa za wiki hiyo na simu, ujitumie kwenye imeili. Achebe alituma mswada wake kwa posta London mwaka 1957 wakampigie taipu, mswada wa mkono, nakala ndo hiyo hiyo moja duniani, akalipa na pauni 22, kukawa kimya miezi na miezi. Ikabidi bosi wake wa pale redioni aliyekuwa anaenda likizo Uingereza apitie ofisini kwao awabane ndo kazi ikafanyika. Hebu fikiria wangekuwa wameitupa. Na wewe una mtoto wa miaka minne mwenye kalamu za rangi.

Grupu la simulizi usilidharau, kuuza mwendelezo sio uhuni, Charles Dickens katoa riwaya zake sehemu kwa sehemu tangu 1836 na watu walikuwa wanasubiri kama hao wako. Ila ile ndo ilikuwa kazi yake ya kutwa, na baadaye akawa anaandika mpango wa kila sehemu kabla hajaiandika. Wewe rudi kwenye grupu ukiwa umeshamaliza mswada wote, au walau una sehemu nyingi za akiba kwenye simu, hapo wakipiga kelele za mwendelezo unawapa, unakula buku zako kwa raha.

Kozi ya siku 30 laki na nusu mi siilipii. Sio kwamba kufundishwa ni kubaya, mwalimu mzuri anasaidia sana, ila anayekuahidi idadi ya siku hata hajauona ukurasa wako mmoja anauza siku, hauzi ujuzi. Kabla ya kumlipa mtu yeyote muulize yeye kamaliza riwaya gani, na atausoma mswada wako mwenyewe au atakutumia video tu. Kwa sasa chukua riwaya moja ya Kiswahili unayoipenda, maktaba ya mkoa zipo na wauza vitabu chakavu wapo, uisome tena taratibu na penseli, kila chapta jiulize imeanzia wapi, imekatia wapi, kwa nini umeshindwa kuiweka chini. Hiyo ni bure, na ukifanya kwa riwaya mbili tatu utaona vitu ambavyo kwenye kusoma kwa starehe vilikuwa vinakupita.

Mumeo naye msikilize, hajakosea yote. Mtoto kukuita huitiki ni kweli inauma. Mwambie hivi, baba fulani, kuanzia sasa naandikia kibandani saa nane mpaka saa tisa na nusu, nikirudi nyumbani daftari linabaki kwenye droo ya floti. Alafu libaki kweli. Akiona jioni uko naye na hela ya laki na nusu ipo, sidhani kama atakuwa na ugomvi na kaunta buku.

La kipaji sikujibu. Umeniuliza mimi ambaye nimesoma barua tu, na barua yenyewe imeandikwa vizuri.

Ukimaliza, narudia ukimaliza, kuna milango. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na kuna ile tuzo ya Kiswahili ya Safal iliyoanzishwa 2014 inayopokea na miswada ambayo haijachapwa, fuatilia matangazo yao usome masharti ya mwaka huo vizuri. Zote zinataka mswada uliofika mwisho, chapta nne nzuri hazipokelewi. Ukifika hapo niandikie tena tuongee habari za mikataba, maana wachapishaji nao wana mambo yao na sitaki usaini kitu hujakisoma.